Amefunguliwa. Je, Usiku Ule Alilala Wapi?

Neno lililotolewa kwenye kikao cha akina mama siku ya maadhimisho, likaandikwa tena kwa ajili ya jarida hili



Haya unayoyasoma niliyasema kwanza kwa mdomo mbele ya akina mama, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye mikeka chini ya turubai, watoto wanalia, na mimi ninaletewa karatasi kwamba muda umekwisha. Kwa hiyo niliruka mambo mengi. Waandaaji wa jarida wakaniambia, mama, andika yote. Basi nimeandika. Soma taratibu, na kama Biblia iko karibu, fungua Matendo ya Mitume sura ya 16.

Katika sura hiyo moja, ndani ya mji mmoja wa Filipi, wamo wanawake wawili. Wa kwanza tunamjua kwa jina, ni Lidia wa Thiatira, muuza zambarau. Ana kazi, ana nyumba, ana watu wanaomtegemea. Alipookoka, neno lake la kwanza lilikuwa kumkaribisha Paulo na wenzake wafikie kwake. Wa pili hana jina. Ni kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na kuagua kwake kulikuwa mradi wa mabwana zake. Paulo akamkemea yule pepo, akatoka. Haleluya! Mabwana wakaona mradi umekufa, wakawakamata Paulo na Sila, na kuanzia hapo habari inakwenda gerezani. Tunaifuata huko huko. Tunahubiri fimbo, tunahubiri nyimbo za usiku wa manane, tunahubiri milango iliyofunguka na mlinzi aliyebatizwa na nyumba yake yote.

Na yule binti je?

Mimi nimesoma ile sura mara nyingi, sijamwona tena. Jana yake alikuwa mali ya watu, wanamlisha kwa sababu anawaingizia fedha. Leo hawaingizii kitu. Usiku ule alilala wapi? Kesho yake asubuhi alikunywa uji kwa nani? Ningependa kukuambia kwamba Lidia alituma mtu akamtafute, akamfundisha kupima kitambaa na kuhesabu fedha. Lakini haikuandikwa, kwa hiyo sitasema kwamba ilikuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba katika mji ule alikuwepo mwanamke mwenye kazi na nyumba, na alikuwepo mwingine aliyefunguliwa akabaki hana kitu. Wote wawili wamo katika makanisa yetu leo. Ndiyo maana nimesimama.

Wenzetu wa Kenya huiita ulanguzi wa binadamu. Sisi Tanzania tumezoea kusema usafirishaji haramu wa binadamu. Jina lolote utakalotumia, kitu ni kile kile. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ile iitwayo ya Palermo, inatufundisha kuangalia mambo matatu. La kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi. La pili ni njia iliyotumika: nguvu, vitisho, udanganyifu, au kutumia unyonge wa mtu. La tatu ni kusudi, yaani kumnyonya mtu huyo, iwe kwa ukahaba, kwa kazi za kulazimishwa au kwa utumwa wa ndani ya nyumba. Mambo hayo matatu yakikutana, hata kama mtu alikubali kwenda, kosa linabaki pale pale. Na kama ni mtoto chini ya miaka 18, hatuulizi hata njia iliyotumika. Nchi zetu zina sheria zake: Tanzania tangu 2008, Uganda tangu 2009, Kenya tangu 2010.

Nimeyataja haya ya sheria kwa sababu ya neno moja linalosemwa sana kwenye madawati yetu ya kanisa. Mtasikia, "Si alikubali mwenyewe? Si alipanda ndege anacheka?" Ndiyo, alipanda anacheka. Alikubali kazi ya ndani kwa mshahara alioambiwa na saa alizoambiwa. Hakukubali kunyang'anywa pasi ya kusafiria, wala kulala chini jikoni, wala kufungiwa mlango kwa nje. Aliyekubali lile la kwanza hajalikubali hili la pili.

Na neno "usafirishaji" lisikudanganye. Si lazima mtu avuke bahari. Wapo waliokwenda nchi za Ghuba, ambako katika utaratibu ule wa kafala kibali cha mfanyakazi kinashikwa na mwajiri, na akiondoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Wapo vijana wenye vyeti vizuri kabisa waliopelekwa Myanmar kwa ahadi ya kazi za kompyuta wakaishia kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Lakini wapo pia waliovushwa mpaka huu huu wetu kwa bodaboda, usiku, kwenda kulea watoto wa watu bila mshahara. Wapo waliotolewa kijijini na shangazi kwa ahadi ya shule, wakaletwa mjini wakageuzwa kuwa wahudumu wa baa. Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha, na waliomuuza walikuwa ndugu zake wa baba mmoja. Mara nyingi anayekuja kumchukua binti si mgeni. Anajua jina la mama yake. Pengine anajua na nyimbo zetu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama. Ni ungamo. Nimemwomba ruhusa mwenyewe, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili usimtambue. Tafadhali usijaribu kumtafuta.

Katika kanisa letu alirudi mwanamke aliyekuwa amekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Alirudi na begi la mkononi tu. Sisi akina mama tulifurahi mno. Jumapili ya kwanza tukampandisha madhabahuni atoe ushuhuda. Alikuwa anatetemeka, tukasema ni upako. Alieleza mambo ambayo mtu hamwelezi hata dada yake. Watu walilia, sadaka ikatoka, na vijana wakarekodi kwa simu. Kufika Jumatano, ile video ilikuwa imefika kijijini kwao na kwa yule wakala aliyempeleka, naye akaanza kumpigia mama yake usiku usiku na maneno ya vitisho.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tulitaka ushuhuda kabla yeye hajapata usingizi.

Kosa la pili. Zile sadaka tulizikusanya tukamnunulia cherehani. Tukamkabidhi mbele ya kanisa, tukapiga picha, mchungaji akaiombea. Mwezi haujaisha, tukasikia cherehani imeuzwa. Akina mama, mimi mwenyewe nilikasirika. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea aibu. Nilisema huyu hasaidiki, amezoea kupewa. Nilikwenda kwake nikiwa na hasira, nikamkuta amekaa kitandani, mlango wazi. Nikamwuliza, "Binti yangu, cherehani iko wapi?" Akaniambia, "Mama, mimi kushona sijui. Hakuna aliyeniuliza."

Halafu akanieleza habari za deni. Kabla hajasafiri, nyumbani kwao walikopa kwa wale wa kausha damu ili kulipia safari. Yeye kule hakulipwa, na deni huku likazaa. Siku alipotokea kwenye video, wadai nao walimwona. Cherehani ilikwenda huko.

Nilitoka pale nikiwa nimenyamaza. Tulikuwa tumempa kila kitu isipokuwa swali moja.

Swali lenyewe limo katika 2 Wafalme sura ya 4, na tunalihubiri kila mwaka. Mjane anamlilia Elisha kwamba mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalia vizuri, ile nayo ni habari ya deni na watoto kuchukuliwa utumwani. Elisha hakuanza kwa kumpa kitu. Alimwuliza anataka afanyiwe nini, na nyumbani mwake ana nini. Alikuwa na chupa moja ya mafuta. Kazi ikaanzia hapo. Na tunasahau mwisho wake: nabii alimwagiza auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza ulikamilika sokoni na kwa mdai.

Tangu siku ile tumejifunza kwa kukosea, na nataka nikupe yale tuliyoyajifunza, ili wewe usikosee kama sisi.

Jambo la kwanza ni usalama na afya, kabla ya ufundi wowote. Mtu aliyeishi kwa hofu miaka miwili au mitatu hawezi kukaa darasani saa nne akajifunza kukata suruali. Kichwa hakipo. Apate mahali pa kulala ambapo hafukuzwi. Aonwe na daktari, na apate mtu wa kuzungumza naye anayejua kazi ya ushauri. Maombi tunafanya, tena kwa bidii, lakini kumwombea hakutuzuii kumpeleka hospitali. Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu. Na asiharakishwe. Wengine wanahitaji miezi kabla ya kusema wanataka nini.

La pili, mrudishie maamuzi madogo. Hili lilinishangaza. Yule mwanamke, siku za mwanzo, alikuwa anaomba ruhusa kwenda msalani. Ukimwuliza "utakula nini, ugali au wali?" anasema "chochote, mama." Nilidhani ni adabu njema. Kumbe ni mtu aliyesahau kuchagua, kwa sababu kule alikotoka kuchagua kuliadhibiwa. Basi tukaacha kumwamulia. Aende sokoni mwenyewe na fedha kidogo, anunue anachotaka, hata akipunjwa. Apande basi peke yake. Awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na namba ya siri ya M-Pesa aijue yeye tu, si mimi, si mchungaji, si mjomba. Afuatilie kitambulisho chake cha taifa mwenyewe, sisi tumsindikize tu. Kusema "hapana" nako ni ujuzi, na anayeanza kujifunza atakuambia hapana hata wewe uliyemsaidia. Usinune. Ujue anapona.

La tatu, kazi achague yeye, na soko liangaliwe kabla ya chombo. Sisi akina mama wa kanisa tuna kazi tatu vichwani: kushona, kusuka na sabuni ya maji. Kila anayekuja tunamwingiza humo. Lakini mtaa mmoja ukiwa na mafundi cherehani kumi, wa kumi na moja atashonea nani? Kabla ya kununua chochote, tembeeni naye wiki nzima mkiuliza. Watu wa hapa wananunua nini kila siku? Wanakitoa wapi? Saa ngapi hakipatikani?

Na kama amechagua kushona, mfundishe kazi yote, usiishie kwenye kukanyaga cherehani. Ajue kupima, kukata bila kuharibu kitambaa cha mteja, kutia zipu, na kuandika siku ya kuchukua nguo. Zaidi ya yote ajue kupiga hesabu. Mimi nimeshona miaka mingi, na nimeona mafundi wazuri wakifa njaa kwa sababu hawahesabu. Tuseme kitambaa cha gauni ni shilingi 12,000, uzi na zipu 2,000, nauli 1,000. Hapo ni 15,000. Amelishona siku mbili, akaliuza 17,000, anafurahi amepata 2,000. Je, kodi ya fremu iko wapi? Umeme? Chakula cha siku mbili? Huyo hajapata 2,000, ameuza usingizi wake. Daftari la mapato na matumizi ni sehemu ya ufundi kama mkasi.

La nne ni cheti. Mtu anaweza kuwa fundi hodari, lakini bila karatasi haaminiki. Tanzania tuna vyuo vya VETA, na hata aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake akatambuliwa. Kenya kuna mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA, kwa madaraja. Kanisa likimlipia mtu ada ya mtihani, limempa kitu ambacho wadai hawawezi kukibeba.

La tano, fedha na ndugu. Anayerudi kutoka ng'ambo kila mtu anadhani ana fedha. Anayeanza kupata kidogo, ndugu wanapanga foleni. Hapa vikundi vyetu vinasaidia: kikoba kwa Tanzania, chama kwa Kenya. Ndani ya kikundi anajifunza kuweka kila wiki, kukopa kidogo kwa riba anayoijua, na kurudisha. Tena anapata neno la kujitetea. Anaweza kumwambia mjomba, "Fedha iko kwenye kikundi, haitoki mpaka mwisho wa mwaka." Ila tusimwingize na kumtangaza kwamba huyu ndiye yule. Aingie kama mwanachama mwingine yeyote, mwenye hisa zake. Na lile deni la zamani lisifichwe chini ya mkeka. Kaeni na wadai, mtu mzima wa kanisa awepo, mwenyekiti wa mtaa au chifu awepo, lijulikane limebaki kiasi gani na linalipwaje. Mtu mwenye deni lisilosemwa atasafiri tena. Wakala analijua hilo, naye husubiri.

La sita linatuhusu sisi wa mipakani hasa. Anayefanya biashara ndogo asifundishwe kupita njia za panya. Huko ndiko watu wabaya walipo, na mwanamke akikamatwa na mzigo huko hana wa kumlilia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Wengi wetu tumevuka miaka na hatukijui. Mfundishe dada yako kusimama mbele ya afisa akiwa na karatasi yake mkononi. Aliyewahi kunyang'anywa karatasi zake, siku anapotoa zake mwenyewe dirishani, anarefuka.

Wapendwa, mtu akiniuliza kama haya ni kazi ya kanisa au ya serikali, namwambia asome Kumbukumbu la Torati 15. Mungu anawaambia Israeli kwamba mtumwa akitimiza miaka sita, mwaka wa saba aachiwe. Halafu anaongeza agizo: akitoka, asitoke mtupu. Apewe kutoka kwenye kundi la kondoo, kwenye uwanda wa nafaka na kwenye shinikizo. Yaani atoke na mbegu ya kuanzia. Na sababu inatolewa pale pale, kwamba na ninyi mlikuwa watumwa Misri. Asiyekumbuka alikotolewa atamfungulia mwenzake mlango na kumwacha barabarani.

Na sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali mpaka Misri. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini leo pamesimama kanisa. Miaka hiyo hiyo ya 1870, Waanglikana walianzisha Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwa na kengele, na mtaa ule hadi leo unaitwa Kengeleni. Wale wazee waligundua mapema kwamba kumshusha mtu kwenye jahazi ni asubuhi moja, lakini anahitaji shamba, nyumba, ufundi na shule. Walikuwa na makosa yao pia. Watu waliishi chini ya amri za misheni, na wengi walikaa miaka wakiwa bado wanaamuliwa mambo yao. Tujifunze yote mawili, wema wao na kosa lao. Tusimtoe dada yetu kwa bwana mmoja tukamtia chini ya mabwana wengine wanaosema Bwana Yesu asifiwe.

Basi tufanye nini? Nakuachia mambo machache, kila mtu achukue lake.

Baba zangu wachungaji, msimpandishe mtu madhabahuni na jeraha bichi. Ushuhuda ni wake. Akitaka kuutoa baada ya miaka mitano, tutausikia. Asipotaka kabisa, Mungu ameusikia. Na simu za kurekodi zizimwe. Vilevile msitangaze kazi za nje ibadani kwa sababu tu aliyeleta tangazo anatoa fungu la kumi. Ulizeni kama wakala amesajiliwa na serikali, na mkataba uko wapi.

Mama zangu, binti akija kuaga kwamba anasafiri, msimwombee tu na kumpaka mafuta. Ketini naye. Mkataba ameusoma kwa lugha anayoijua? Ana nakala ya pasi yake nyumbani? Anaijua namba ya ubalozi wetu kule? Mna neno la siri kati yenu, ambalo akilisema kwenye simu mtajua yuko taabani ingawa anasikilizwa? Na kama safari imelipiwa kwa mkopo, nani atalipa asipolipwa?

Akina baba, nyumbani kwako kuna msichana wa kazi. Ana miaka mingapi? Analipwa mwisho wa mwezi, mkononi mwake, au unasema unamtunzia? Ana siku ya kupumzika? Kama hujui, leo ukirudi uliza. Tusipinge utumwa wa Ghuba huku tukifuga wa kwetu jikoni.

Na ukimwona mtoto ambaye unamtilia shaka, namba 116 ni ya kumsaidia mtoto, Tanzania, Kenya na Uganda, namba ni moja. Kwa mtu mzima, vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya kuna namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Ziandikeni kwenye ukuta wa kanisa, zikae na ratiba ya ibada.

Nimalize na yule mwanamke, maana najua unataka kujua.

Hakushona mpaka leo. Tulipokaa naye vizuri, tukamwuliza alikuwa anafanya nini kule kila siku, akasema alikuwa anapika, nyumba ya watu kumi na wanne, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani hatataka tena kuona jiko. Akasema, "Mama, kupika sikukuchukia. Nilichukia kufungiwa." Akaanza na chapati na chai ya maziwa kwa vijana wa bodaboda, alfajiri, kabla mama lishe wengine hawajawasha moto. Mtaji wake ulikuwa unga, mafuta, sukari, chupa mbili za chai na meza ya kuazima. Alipata hasara wiki ya kwanza, kwa sababu alikuwa anakopesha kila anayemwita dada. Wiki ya tatu akaandika kwenye boksi kwamba kukopa ni kesho. Tulicheka sana.

Kwetu hasali tena. Baada ya ile video hakuweza kuingia mlangoni bila watu kumtazama. Kwa muda mrefu jambo hilo liliniuma, nikaona tumempoteza. Kumbe wenzetu wa upande wa pili, wa ushirika huu huu unaoadhimishwa katika jarida hili, walimpokea. Mchungaji wa kule hakumwuliza kitu. Alimwonyesha pa kukaa, akampa kitabu cha nyimbo. Huko anajulikana kwa chapati zake, basi. Mimi nimeshukuru Mungu kwa mpaka huu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Pengine alitupa pande mbili ili mtu akiumizwa upande mmoja awe na mahali pa kuanzia upande mwingine. Ndugu zangu, tunapohesabu miaka ya ushirika wetu, tuhesabu na hilo. Tukubaliane kwamba anayehitaji kuanza mahali asipojulikana, kanisa la ng'ambo litampokea bila maswali.

Mwaka huu alinipigia simu. Amepanga chumba, ameshalipa kodi ya miezi mitatu kwa fedha yake. Nikamwambia, hongera, binti yangu, chumba kikoje? Nilitegemea aniambie habari ya dirisha au bei. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kina ufunguo. Na ninao mimi."

Sikuwa na mahubiri ya kuongeza. Na wewe msomaji, sina la kukuongezea isipokuwa ombi. Jumapili hii, kabla hujapiga kelele za ushindi kwamba fulani amefunguliwa, mtazame huyo aliyefunguliwa, umwulize kwa sauti ya chini: leo utalala wapi? Kisha nenda naye mpaka apate ufunguo wake.

Bwana awabariki, na upande huu na upande ule. Amina.